Shajara ya mradi: akili mnemba na ustawi wa mtu

Kupanga mfululizo

Waandaaji tumekubaliana leo kwamba mfululizo huu wa vikao vya chuo kuhusu akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazofanya kazi zinazohitaji akili ya mtu, hautakuwa maonyesho ya teknolojia. Makongamano ya namna hiyo yapo tele vyuoni: mgeni rasmi anafungua, kampuni inaonyesha programu yake mpya, picha zinapigwa, ukumbi unatawanyika, na hakuna aliyeuliza kama wanaozitumia programu hizo wanalala vizuri zaidi, wanajifunza zaidi, au wana watu wa kuongea nao. Sisi tunaanzia hapo. Juu ya andiko la mradi tumeweka swali moja tu: chombo kikiondolewa mkononi, mtu anabaki na nini?

Nimelitetea swali hili kwa nguvu mbele ya kamati kwa sababu linapimika. Mwanafunzi anaweza kupewa mtihani bila programu. Daktari anaweza kuangaliwa anavyofanya kazi siku mtambo ukizimwa. Mpweke anaweza kuulizwa, baada ya mwezi wa kuzungumza na mashine, kama watu anaokutana nao wameongezeka au wamepungua. Wenzetu wa sayansi ya kompyuta walihofia kwamba swali limebeba hukumu ndani yake, kana kwamba tumeshaamua kuwa chombo kinadhuru. Si hivyo. Mwenye miwani akiivua haoni vizuri, na hakuna anayesema miwani imemdhuru. Tunachotafuta ni kujua ni programu zipi zinazosaidia jicho kuona na zipi zinazolidhoofisha jicho lenyewe.

Ratiba ya awali ni historia, masomo, afya ya mwili, upweke, kisha kazi. Kila kikao kitakuwa na mtafiti wa kueleza ushahidi, mtu anayeishi na jambo lenyewe, na maswali ya ukumbi yatakayochukua angalau nusu ya muda. Hilo la mwisho nimeomba liandikwe kama sharti, maana wazungumzaji wakiachiwa muda wanaumaliza wote.

Kusoma nyaraka za mwanzo

Kabla ya kuandika ombi letu la fedha nimesoma lile lililoupa uwanja wa akili mnemba jina. Mwaka 1955 John McCarthy, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon waliiomba taasisi ya ufadhili ya Rockefeller Foundation dola 13,500 za kugharamia mkutano wa majira ya joto ya 1956 katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Walipewa takriban 7,500. Waliorodhesha mada saba: kompyuta zinazojiendesha, matumizi ya lugha, mitandao ya neva (inayoiga ubongo), nadharia ya ukubwa wa hesabu (namna ya kupima ugumu wake), mashine kujiboresha, kuunda dhana, na nafasi ya bahati nasibu katika ubunifu.

Ni ombi la kijasiri, na limeandikwa kwa uwazi ambao ningependa waandishi wa maombi ya leo wauige. Lakini katika mada zote saba hakuna inayomhusu mtu atakayeitumia mashine hiyo. Siwalaumu, mashine yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Nimeiweka orodha yao katika andiko letu kama sababu ya mradi. Uwanja huu ulipata jina lake katika tukio la chuo, na mada iliyokosekana siku zile ni haki vyuo viichukue sasa.

Kikao cha historia kimefanyika

Tumeanza na ELIZA, programu aliyoitengeneza Joseph Weizenbaum katika chuo cha MIT, Marekani, na kuieleza katika makala ya mwaka 1966. Sehemu yake iliyojulikana zaidi iliigiza mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia. Ilikuwa haielewi chochote. Ilitafuta neno kuu katika sentensi ya mtu, ikageuza nafsi, ikarudisha maneno yake mwenyewe kama swali. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu ameandika toleo dogo la Kiswahili kwa ajili ya kikao, na kazi kubwa ilikuwa kwenye viambishi: anayeandika "ninamwogopa baba yangu" arudishiwe "kwa nini unamwogopa baba yako?" bila sentensi kuvunjika.

Alipowaonyesha watu msimbo wenyewe, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kwenye skrini, mstari kwa mstari, nilidhani hamu itaisha. Haikuisha. Waliokwisha kuona kwamba ndani hamna kitu waliendelea kuiandikia mambo yao. Ndivyo ilivyomtokea Weizenbaum pia: alisimulia kwamba katibu wake, ambaye kwa miezi alikuwa amemwona akiijenga programu hiyo, baada ya kuzungumza nayo kidogo alimwomba atoke chumbani. Weizenbaum, aliyezaliwa Berlin mwaka 1923 na ambaye familia yake iliikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1936, alishtuka kiasi cha kugeuka mkosoaji wa uwanja wake mwenyewe. Mwaka 1976 alichapisha kitabu kizima akidai kwamba zipo kazi ambazo mashine haipaswi kukabidhiwa hata kama inaziweza.

Mhadhiri wa saikolojia alisema jambo ambalo naliandika hapa lisije likapotea. Alisema mvuto wa ELIZA haukutoka kwenye akili ya mashine. Ulitoka kwenye njaa ya kusikilizwa aliyokuwa nayo mtu. Kwa hiyo anayetaka kujua programu za mazungumzo zitafanya nini kwa wanafunzi wetu aanze kwa kupima hiyo njaa.

Dodoso

Tunahitaji kipimo cha ustawi kilicho kifupi. Tumechagua WHO-5, dodoso la Shirika la Afya Duniani lililotolewa mwaka 1998. Lina kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita: kama mtu amekuwa mchangamfu, mtulivu, mwenye nguvu, ameamka akiwa amepumzika, na kama siku zake zimejaa mambo yanayomvutia. Kila kauli hupewa alama 0 hadi 5, jumla inazidishwa mara 4, matokeo yanakuwa kati ya 0 na 100. Nalipenda kwa sababu haliulizi habari za ugonjwa. Linauliza habari za maisha.

Mshauri nasaha ametukumbusha kwamba alama chini ya 50 ni dalili ya kumwangalia mtu kwa karibu. Akauliza: mkimkuta mwanafunzi mwenye alama 12, mtafanya nini? Ni swali lenye uzito wote. Huwezi kumpima mtu maumivu kisha ukaondoka na karatasi. Tumeamua kwamba dodoso halitajazwa mahali popote bila mshauri kuwapo siku hiyo hiyo, ridhaa itaandikwa, na atakayetaka kujitoa atajitoa bila kueleza sababu. Andiko limepelekwa kamati ya maadili ya utafiti. Hadi watakapojibu, hatukusanyi chochote.

Kikao cha masomo

Hiki ndicho kikao nilichokuwa nakisubiri, na kimezidi matarajio.

Ushahidi ulioletwa mezani ulitoka shule ya sekondari nchini Uturuki. Watafiti wakiongozwa na Hamsa Bastani wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwagawa wanafunzi takriban elfu moja katika makundi wakati wa mazoezi ya hisabati. Kundi moja lilitumia vitabu na madaftari kama kawaida. La pili lilipewa programu ya mazungumzo inayojibu lolote. La tatu lilipewa programu ya aina hiyo hiyo, ila imefungwa isitoe jibu bali vidokezo vilivyoandaliwa na walimu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili lilifanya vizuri kwa 48% kuliko wenzao wa vitabu, na la tatu kwa 127%. Kisha programu zikaondolewa, ukaja mtihani. Kundi la pili lilianguka: alama zake zilikuwa chini kwa 17% kuliko za wale ambao hawakuwahi kuipata programu hiyo kabisa. Kundi la tatu lilikuwa sawasawa na wale wa vitabu.

Nilizirudia takwimu hizo mara ya pili kwa sauti, maana ndani yake mna mradi wetu wote. Angepima mtu wakati wa mazoezi peke yake, angeandika habari ya ushindi. Na kuna jambo jingine katika utafiti huo lililowagusa wanafunzi kuliko asilimia zote: waliodhurika hawakujua. Walitoka wakidhani wamejifunza kama wenzao.

Mwanafunzi wa uhandisi alinyanyuka. "Mwalimu," alisema, "mimi nikikwama usiku nina njia mbili: niiulize programu au nilale bila kuelewa. Hiyo ya tatu, ya kumuuliza mtu, sina." Mhadhiri wa hisabati hakumkatiza, na alipojibu hakuitetea idara yake. Alikubali kwamba kazi za nyumbani zimeongezwa huku muda wa kumwona mwalimu ukipungua, na kwamba mwanafunzi anayejaza pengo hilo kwa programu anafanya jambo la busara kwa siku moja na la hatari kwa muhula mzima. Mjadala ulivuka muda, na hakuna aliyeondoka.

Naona wazi sasa kwamba ugomvi kuhusu kuruhusu au kukataza programu darasani umekosea mahali pa kushika. Kundi la pili na la tatu wote walikuwa na akili mnemba. Kilichowatofautisha ni nani aliyebaki akifanya kazi ya kufikiri. Walimu walioandaa vile vidokezo walijua wanafunzi hukosea wapi, na maarifa hayo hayakutoka kwenye mashine.

Tulichoamua: idara tatu zitajaribu kuandaa vidokezo vyao wenyewe kwa somo moja moja, na kila zoezi lililofanywa kwa msaada wa programu litafuatwa na jaribio fupi lisilo na programu. Matokeo ya jaribio hilo yatarudi kwa mwanafunzi peke yake. Hayataingia kwenye alama, maana lengo ni yeye mwenyewe kujua amebaki na nini.

Mgeni aliyekuja na kamera

Kampuni moja imejitolea kutupatia bure mfumo wa kamera unaodai kusoma nyuso za wanaohudhuria na kutoa ripoti ya nani amechoka, nani amevutiwa. Tumekataa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyopata nguvu ya kisheria 1 Agosti 2024, imepiga marufuku tangu 2 Februari 2025 mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na katika taasisi za elimu, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Hatufungwi na sheria hiyo, lakini sababu zake zinatuhusu kila neno: uso hauonyeshi kwa uhakika kilichomo moyoni, na mwanafunzi anayejua anatazamwa hivyo hukaa darasani akiigiza. Kikao kuhusu ustawi hakiwezi kuanza kwa kuwanyima watu utulivu wa nyuso zao.

Kikao cha afya ya mwili

Kimekwenda haraka na kwa nidhamu. Madaktari wanajua kutunza muda.

Habari njema ilitangulia. Nchini Uswidi, jaribio lililohusisha zaidi ya wanawake 80,000 waliopimwa saratani ya matiti lililinganisha picha zilizosomwa na madaktari wawili, kama ilivyo kawaida huko, na zile zilizosomwa kwa msaada wa akili mnemba. Matokeo ya awali yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha saratani 6.1 zilizogunduliwa kwa kila wanawake 1,000 dhidi ya 5.1, na kazi ya kusoma picha ilipungua kwa 44.3%. Kwa mama aliyegunduliwa mapema, hilo si jambo la kubishania.

Kisha ikaja Poland. Katika vituo vinne, madaktari wazoefu wa kuchunguza utumbo mpana kwa kamera walizoea kutumia akili mnemba inayowaonyesha vivimbe. Watafiti wakaangalia uchunguzi waliofanya bila msaada huo, kabla na baada ya mazoea hayo. Kabla, walikuta vivimbe katika 28.4% ya uchunguzi, baada, 22.4%. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Daktari aliyeyaeleza alionya kwamba huu si utafiti wa kugawa watu kwa bahati nasibu, hivyo mambo mengine yanaweza kuwa yamechangia. Nakubaliana naye. Hata hivyo, mkufunzi wa wauguzi aliuliza kama hospitali zinazonunua mitambo hii zinatenga siku za kufanya kazi bila mitambo, kama marubani wanavyofanya mazoezi ya kurusha ndege kwa mkono. Limeingia kwenye orodha ya mapendekezo.

Tuligusia pia utafiti wa mwaka 2019 wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu algoriti, yaani kanuni za hesabu zinazofuatwa na kompyuta, iliyotumika katika huduma za afya Marekani. Ilikadiria hitaji la mgonjwa kwa kuangalia gharama zilizotumika kumtibu. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo zaidi, algoriti ilihesabu kwamba wana afya nzuri kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikirekebishwa, idadi ya wagonjwa weusi miongoni mwa wanaopewa huduma ya ziada ingepanda kutoka 17.7% hadi 46.5%. Mtu ananyimwa huduma bila kuiona mashine wala kujua ipo. Ningependa jambo hili lipate kikao chake.

Kikao cha upweke

Nimeandika kurasa nyingi za kikao hiki. Hapa naweka yaliyo muhimu.

Tafiti mbili ziliwekwa kando kwa kando. Ya kwanza ni ya Dartmouth, chuo kile kile cha mkutano wa 1956. Mwezi Machi 2025 watafiti wake walichapisha jaribio la programu ya mazungumzo waliyoiita Therabot, iliyojengwa kwa ajili ya tiba, ikafunzwa kwa mazungumzo yaliyoandikwa na wataalamu, na mazungumzo yake yakasimamiwa na binadamu. Washiriki walikuwa 210. Wenye sonona walipungukiwa dalili kwa wastani wa 51%. Ya pili ni ya mwaka huo huo, ya watafiti wa MIT na wa OpenAI, kampuni inayotengeneza programu ya mazungumzo ya ChatGPT: watu 981 wakiitumia ChatGPT kwa wiki nne. Waliotumia muda mwingi zaidi kila siku walikuwa na upweke zaidi, waliitegemea zaidi, na walichangamana na watu kwa kiasi kidogo zaidi.

Ukumbi ulitaka kujua ipi ni kweli. Zote. Ya kwanza ililinganisha watumiaji na watu waliokuwa kwenye foleni ya kusubiri, si na watu waliokuwa wakimwona mtaalamu. Ya pili, kwa upande wa muda wa matumizi, haiwezi kusema kama programu ilileta upweke au upweke uliwapeleka watu kwenye programu. Huenda ni mzunguko. Tofauti kubwa kwa maoni yangu iko kwenye kusudi. Programu ya tiba imejengwa mtu apone na aiache. Programu ya kawaida haikujengwa kwa kusudi hilo, na zile zinazouzwa kama marafiki hupata faida kadiri mtu anavyobaki.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliomba kipaza sauti na kueleza kwamba saa nane usiku hakuna mtu ambaye angempigia bila kujiona mzigo, na programu haimfanyi ajione mzigo. Sikutaka mtu yeyote amkosoe, na hakukosolewa. Mshauri nasaha alimwambia, "Mwanangu, asante kwa kutuambia saa. Sisi tunafunga saa kumi na moja jioni." Sentensi hiyo imebadilisha mpango wa mradi. Hadi jana tulikuwa tunajiuliza namna ya kuwatahadharisha wanafunzi dhidi ya programu za mazungumzo. Tangu jana tunajiuliza ni nani wa kuwapokea saa ambazo ofisi zimefungwa.

Tumeanza kuandaa wasikilizaji rika: wanafunzi wanaofundishwa kusikiliza, kutambua hatari, na kumpeleka mwenzao kwa mtaalamu bila kuchelewa. Hawatatoa tiba. Ratiba ya zamu itafika usiku wa manane, na simu ya mshauri wa dharura itakuwa nyuma yao muda wote.

Kikao cha kazi

Kifupi, kwa sababu wazungumzaji wawili hawakufika. Erik Brynjolfsson na wenzake walichunguza zaidi ya wahudumu 5,000 wa wateja waliopewa msaidizi wa akili mnemba: ufanisi ulipanda kwa wastani wa 14% katika taarifa yao ya mwaka 2023, na kwa wageni kazini 34%, huku wazoefu wakinufaika kidogo sana. Ukumbi ulipenda takwimu hiyo, na ina mazuri yake: mgeni alikuwa anapata, kupitia mashine, ujuzi uliokusanywa kutoka kwa wazoefu. Swali la kama wazoefu walilipwa chochote kwa ujuzi huo lilibaki wazi.

Tulizungumza pia juu ya wanaosafisha data. Taarifa za habari za Januari 2023 zilieleza wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili programu ya mazungumzo ifundishwe kuyatambua, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Baadhi walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza akili. Hatuwezi kupima ustawi wa anayetumia chombo na kumwacha aliyekitengeneza. Kikao hiki kitarudiwa.

Kamati ya maadili imejibu

Wameridhia dodoso kwa masharti mawili: majina yatenganishwe na majibu tangu mwanzo, na kipimo cha pili kifanyike baada ya likizo, wanafunzi wakiwa wamekaa mbali na kazi za darasani. Sharti la pili hatukulifikiria, na ni zuri kuliko mpango wetu wa awali. Likizoni hakuna anayelazimika kutumia programu kwa ajili ya kazi za chuo, kwa hiyo tutamwona kila mmoja akiwa na anachokichagua mwenyewe.

Kwa muhula ujao: kikao cha kazi kirudiwe na wazungumzaji wote wawe wamethibitisha, algoriti za huduma ya afya zipate kikao chao, idara tatu zilete vidokezo vya masomo vilivyokwisha kujaribiwa. Mafunzo ya wasikilizaji rika yanaanza Jumatatu. Waliojiandikisha wamezidi nafasi, mshauri nasaha ameomba chumba kikubwa zaidi, na tumempa kile cha mikutano ya waandaaji. Sisi tutakutana ofisini kwake, kabla hajafungua.